Sindano Mbili kwa Mbuyi, Kabanga Hata Moja

Kasulo, Kolwezi, Alhamisi asubuhi

Kwa Mama Laurentine, muuguzi mkuu wa kituo chetu cha afya

Mama Mheshimiwa,

Pokea kwanza heshima zangu. Mimi ni Stanislas Muamba, mchimba kobalti, baba wa mapacha Mbuyi na Kabanga; ndiyo maana mtaa mzima huniita Sha-Mbuyi, baba wa Mbuyi, na kwetu Mbuyi ni jina la pacha wa kwanza tu. Naandika kwa uchungu kukishtaki kituo chako, ambacho wiki iliyopita kilimchoma Mbuyi sindano ya surua mara mbili kwa siku moja, na Kabanga hata mara moja. Makosa yenu ni haya:

1. Mlikuja wakati mbaya. Mke wangu Glodie alikuwa Mutshatsha kununua makaa, na nyumba ilikuwa mikononi mwa mama yake, Mama Kapinga. Mimi hushuka shimoni bila kutetemeka, lakini kumpinga mama mkwe, hapana! Kwetu watu wa Kasai, mkwe hujibiwa kwa kuinamisha kichwa. Sasa Mama Kapinga anaamini mapacha ni damu moja: ukimchoma Mbuyi, dawa inapita yenyewe hadi kwa Kabanga. Mlipobisha hodi alimtoa Mbuyi, akamfunika Kabanga kwa kitenge chumbani. Mimi nikainamisha kichwa.

2. Mlirudi. Ustaarabu gani huo? Mchanjaji wako Benoît alisikia jirani akiniita, akageuka palepale: "Sha-Mbuyi? Basi batoto beko babili! Ule mwingine eko wapi?" Jina langu mwenyewe mmelitumia dhidi yangu, bila hata kuniomba ruhusa.

3. Hamkutukagua. Benoît alipokuwa akinywa maji uani, Mama Kapinga alimsugua Mbuyi kidole kwa mawese na majivu hadi wino wenu wa kumtambulisha aliyechanjwa ukatoka, akambadilisha shati, akamleta. "Njo uyu Kabanga," akasema, yaani ndiye huyu. Mbuyi alipoiona ile sindano alilia kama mtu aliyekutana na mdai wake. Benoît akacheka: "Uyu eko na akili, analia mbele ya kuchomwa!" Akamchoma. Nilisimama pale nikingoja mnikamate. Hakuna aliyenikamata, Mama. Huo ni uzembe.

4. Mmeharibu ibada. Mbuyi ni mzima, anakula kunishinda, ila sasa hawezi kuona mtu wa nguo nyeupe. Jumapili mchungaji alivaa kanzu ya ubatizo. Mbuyi akapiga ukelele, kwaya ikapoteza sauti, na tata mmoja, mzee wa heshima, aliyekwisha kuingia majini akatoka kabla ya kuzamishwa. Roho hiyo iko juu yenu.

5. Glodie amerudi. Hili ndilo zito. Alitazama mikono ya Mbuyi, akatazama ya Kabanga, akaniambia polepole: "Kila siku unaingia chini ya udongo, na unaogopa mama yangu?" Tangu hapo hajanena nami isipokuwa kuhusu chumvi.

Kwa hiyo nadai haki. Siku za chanjo, mama wakwe wote wa Kolwezi wapelekwe kutembea kwenye bwawa la Nzilo, warudishwe jioni wakiwa wameshiba. Ikishindikana, niachieni Kabanga wangu kabisa, kwa maana hesabu yenu imetimia: watoto wawili, sindano mbili. Mnataka nini zaidi?

Wasalimie wauguzi wote, mlinzi wa lango, akina mama walio kwenye foleni, na hata Benoît.

Ni mimi, kwa heshima iliyojeruhiwa,

Stanislas Muamba, Sha-Mbuyi

Nyongeza: Mama Laurentine, tafadhali usifunge kituo leo. Jana Mama Kapinga alikwenda hospitali kumtazama Gael, mtoto wa jirani yetu Beya, aliyeshikwa na surua. Alimkuta macho mekundu, hana hata nguvu ya kulia. Aliporudi alikaa kitini, hakula. Sasa hivi, wino wa barua hii haujakauka, amemfunga Kabanga mgongoni na kuniambia: "Tata Muamba, tangulia mbio, basifunge mulango." Basi natangulia na barua hii mkononi. Yeye anakuja taratibu, miguu inamuuma, na hajawahi kuingia kituoni kwenu, ataona haya. Toka hadi langoni, Mama, umshike mkono.