Wapangaji Wangu Wanapumua Kupita Kiasi

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu zangu, na pongezi kwa ukurasa wako wa barua za wasomaji, ambao mimi huusoma kabla hata ya kunywa kahawa. Jina langu ni Gernot Pfeilsticker, wa hapa Remscheid. Mama yangu aliniachia nyumba ya ghorofa moja. Mimi naishi juu. Chini nimempangisha Bwana Ottokar Wiebe, dereva mstaafu wa basi, na mkewe Irmtraud. Ni watu wastaarabu, hawana makelele, na kodi yao haichelewi. Kosa lao ni moja tu: wanapumua.

Naomba nieleze malalamiko yangu kwa utaratibu.

1. Mwaka juzi niliwawekea madirisha mapya, yanayobana kiasi kwamba hata kengele ya kanisa huisikii. Badala ya kushukuru, baridi ilipoingia wakaja kuniambia ukuta wa chumbani umeota ukungu mweusi nyuma ya kabati. Nilishuka mwenyewe. Nikauliza, "Madirisha mnafungua?" Bwana Wiebe akajibu, "Asubuhi, mchana na jioni, kama ulivyoagiza. Mke wangu anapika amevaa koti." Nikamwambia, basi mnapumua vibaya. Hakucheka. Nami sikuwa natania.

2. Wanachemsha viazi. Karibu kila siku, Ndugu Mhariri, na sufuria bila mfuniko! Niliwashauri kwa maandishi kwamba kuanzia Oktoba hadi Machi wale mkate na jibini. Bi Irmtraud akanisimamisha kwenye ngazi: "Na kuoga je, Bwana Pfeilsticker? Nako tungoje Aprili?" Nilimjibu kwa heshima kwamba nitalifikiria.

3. Binti yao huja Jumapili na mumewe na watoto. Mkataba ni wa watu wawili. Hayo mapafu mengine nani kayaruhusu? Niliomba wageni wakae bustanini, ambako hewa ni ya manispaa. Ilikuwa inanyesha, lakini mvua si mimi niliyeileta.

4. Januari Bi Irmtraud alibanwa kifua, akachukuliwa na gari la wagonjwa. Nilisikitika kwa dhati, tena nilishika mlango wakati wanamtoa. Hata hivyo ukweli lazima usemwe: alipokuwa hospitali, unyevu wa kule chini ulipungua, jambo linalothibitisha hoja yangu. Nilimpelekea mumewe kipima unyevu aone mwenyewe. Alikirudisha mkononi mwangu, akasema, "Gernot, toka kwangu." Miaka yote hiyo ya "Bwana Pfeilsticker", leo Gernot!

5. Kutoka hapo akaenda chama cha wapangaji. Kumbe mpangaji ana haki, na kati ya haki hizo ni kuishi katika nyumba isiyomuumiza. Wakamleta mtaalamu, Bi Saskia Thormählen, ambaye aligongagonga ukuta wa bafu, akabandua kigae kimoja, na nyuma yake akakuta tundu la hewa.

"Nani kaziba hapa?"

"Mimi," nikasema. "Joto lilikuwa linatoroka."

"Na hewa chafu itokee wapi?"

"Dirishani."

"Kwa hiyo mgonjwa wa kifua awe anaamka usiku kukufungulia dirisha?"

Kwangu, chini ya paa langu, naulizwa maswali ya namna hiyo! Sasa natakiwa nizibue tundu, nikwangue ukuta wote na kuweka feni ya kutoa unyevu. Yaani nitoboe ukuta wangu, kwa gharama zangu, ili watu wengine wavute pumzi.

Kwa hiyo naiomba serikali, kupitia gazeti lako, itunge sheria: mpangaji apimwe mapafu kabla ya kutia saini, pumzi za usiku zilipiwe kama maji na umeme, na atakayetaka kuvuta pumzi ndefu aombe kibali cha mwenye nyumba, ambacho hakitacheleweshwa bila sababu.

Wasalimie wenzako wote wa chumba cha habari, wapiga chapa, na yule dada mvumilivu anayepokea simu zangu.

Wako katika kutetea kuta za taifa,
Gernot Pfeilsticker

N.B. Kabla sijaituma barua hii, fundi alimaliza kule chini akapanda kwangu. Nilikuwa nimesahau kwamba tundu la juu nalo nililiziba. Alivuta kitanda changu. Ukungu ulikuwa umepanda hadi usawa wa mto. Naishi peke yangu, sichemshi kitu, na mgeni sikumbuki wa mwisho alikuwa nani. Plasta yote imebanduliwa, chumba hakilaliki. Bi Irmtraud, ambaye karudi kutoka hospitali, alinisikia nikikohoa kwenye ngazi na godoro mkononi, akafungua mlango. "We Gernot, unakwenda wapi na hilo godoro? Ingia. Ottokar, msogezee kochi." Mumewe alilisogeza. Nakuandikia haya nikiwa mezani kwao, na sahani ya viazi iko mbele yangu. Ndugu Mhariri, nakuomba sana, usiichapishe.