Mate Yangu Yako Wapi?

Jumatano, 6 Januari 1999

Hili sijapata kumwambia mtu, hata Mama: nikisimamishwa mbele ya watu, mate hunikauka. Si kidogo. Ulimi hugandamana na kaakaa kama stempu kwenye bahasha. Natoa sauti ya bawaba kavu, kisha nakaa.

Leo tena! Mwalimu Tembo wa bayolojia ametangaza kwamba mmoja wetu wa kidato cha tatu atakwenda Kwale, kwenye kongamano la sayansi, kueleza kazi ya mate. Mate! Sura hiyo nimeisoma likizo nzima. Tezi kubwa ni jozi tatu: mbele ya masikio, chini ya taya, chini ya ulimi. Nazijua kuliko ninavyowajua binamu zangu. Akaniita nizitaje. Nikasimama. Sauti ya bawaba. Nyuma yangu Kibwana akazitaja zote, taratibu, na huku amefunga! Tangu daku hajaonja tone la maji. Darasa likampigia makofi.

Kitabu kinasema kwa siku mtu hutoa mate hata zaidi ya lita moja. Yangu yako wapi? Nani anayachukua?

Mchujo ni Jumatano ijayo, mimi na Kibwana. Mimi nimeingizwa kwa alama zangu za kuandika. Yeye kwa mdomo wake.

Ijumaa, 8 Januari

Hila ya kwanza. Nimemwendea Mwalimu Tembo, nikamwamkia, nikaviambia viatu vyake kwamba mchujo ungefaa uwe alasiri, maana saa hizo maabara ina mwanga mzuri. Uongo. Alasiri ndipo koo la mwenye saumu hukauka. Tutakuwa sawa, mkavu kwa mkavu. Akakubali!

Furaha yangu ilifika langoni tu. Kibwana alikuwa akinisubiri anishukuru. Alasiri inamfaa sana, akasema, kwa kuwa akishasali adhuhuri hupumzika msikitini na akili ikamtulia. "Mungu akulipe kheri, Mumbe. Nyinyi watu wa bara mna roho nzuri." Watu wa bara! Mimi nimezaliwa hapa hapa Kikoneni! Nilitaka kumwambia hivyo. Mate hayakuwapo.

Jumapili, 10 Januari

Kaka Musyoki amekuja kutoka Diani, yuko off hotelini. Amenikuta mbele ya kioo, mdomo wazi, nikitafuta kitundu ambamo mate ya tezi ya mbele ya sikio hutokea. Kiko ndani ya shavu, mkabala na magego ya juu. "Sista, umepoteza nini huko ndani?" Mama akapaza sauti kutoka jikoni kwamba alijua vitabu vitanifikisha hapa. Hakuna anayeheshimu sayansi katika nyumba hii.

Lakini kitabu kimeniokoa. Kitu kichachu huziamsha tezi! Nikachukua ukwaju wa Mama, nikatia kipande shavuni, nikatoka kuwahutubia kuku. Mate yakaja kama bomba lililofunguliwa. Nikawaeleza jinsi mate yanavyolainisha chakula na kuyakinga meno, na jinsi kimeng'enya kiitwacho amilasi kinavyoanza kuugeuza wanga kuwa sukari mdomoni. Jogoo alibaki hadi mwisho.

Kibwana, umekwisha.

Jumanne, 12 Januari

Aibu. Hasira. Sijui nianze na ipi. Nilifanya mazoezi nyuma ya vyoo, kwa kuwa si adabu kula mbele ya waliofunga. Kengele ikalia, nikaingia darasani na ukwaju shavuni. Jumwa, ninayekaa naye dawati moja, akanitazama, akasogea hadi ukingoni. "Mwalimu! Mumbe ana machubwichubwi!"

Darasa zima likakimbilia madirishani. Mwalimu Tembo akafurahi. Naam, akafurahi! Akasema ugonjwa huo ndio unaovimbisha tezi ya mbele ya sikio, na kwamba tumebahatika kuuona kwa macho. Akanielekezea rula kama ramani. Nikaumeza ukwaju pamoja na kokwa zake. Uvimbe ukatoweka. Akasema ajabu.

Kibwana akaninong'oneza pole. Kama ni jino, karafuu husaidia. Namchukia kwa wema wake.

Jumatano, 13 Januari

Mchujo. Safari hii vipande viwili, kila shavu na chake, ili uso usipinde.

Kila mmoja wetu alipaswa kutema mate kwenye uji mwepesi wa muhogo, kungoja, kisha kudondosha iodini. Wanga ukiwa bado upo, uji hugeuka buluu nyeusi. Ukiwa umemeng'enywa, rangi hubaki kama ya chai ya rangi. Kibwana akatema kwa adabu. Chai. Nikatema mimi. Wino! Nikarudia. Wino!

Mwalimu Tembo akaniuliza nilikula nini. Nikafungua mdomo nijibu, kokwa ikaruka, ikatua kwenye mfuko wa shati lake. Vilivyobaki nikavitemea kiganjani. Akasema uchachu wa ukwaju umeizuia amilasi kufanya kazi. Jumwa alicheka hadi akashikilia meza. Kibwana hakucheka. Kibwana akasema pole.

Pole! Hapo nikalipuka. Nikamwambia asinipe pole, kwamba habari ya uchachu na amilasi nilikuwa naijua kabla yake. Kwamba tezi zangu ni nzima, na ni hofu inayozinyamazisha, kwa neva zile zile zinazoukimbiza moyo. Nikachora tezi zote ubaoni, na mifereji yake, hadi chaki ikavunjika. Nikamwambia Jumwa aufunge mdomo kabla haujakauka. Nilipogeuka, alikuwa ameufunga.

Kibwana akasema, "Mwalimu, mimi nitatema. Mwache yeye aseme."

Mwalimu akasema basi tutakwenda wote wawili, na hivyo hivyo ndivyo nitakavyosema Kwale. Ila kwa sauti ya chini, na mdomo mtupu kama ulivyokuwa sasa hivi.

Alhamisi, 14 Januari

Nimetafakari. Wamekosea wote. Mdomo mtupu! Ni wazi kwamba ukwaju ulikuwa umekwisha kuulowesha. Uliosema ni ukwaju. Kosa lilikuwa kokwa. Kwale kutakuwa na waamuzi na shule za watu, kwa hiyo ukwaju hautatosha. Na kwa kuwa atakayetema ni Kibwana, amilasi yangu haina kazi yoyote.

Baada ya masomo nimepita sokoni, nikanunua ndimu. Nimezikamua zote kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, nikakaza kifuniko, nikaitia mfukoni mwa sketi ya shule. Kisha nikatoka nje kuwaita kuku.