Ofisi Yangu ya Ustawi wa Wauguzi

Jumatatu, 9 Juni 2025
Ukungu umeshuka Karatu hadi dirishani. Lakini habari njema! Ijumaa anakuja afisa kukagua namna tunavyowatunza wauguzi hapa kituoni. Akiridhika, sitaitwa tena Kaimu Muuguzi Kiongozi. Nitakuwa Kiongozi kamili. Nimechoka na hiyo kaimu.

Tatizo ni muuguzi Sabina. Cheo hana, ila wote wanamsikiliza yeye. Nguvu zake ziko kwenye kile chumba kidogo nyuma ya wodi ya wazazi. Kila asubuhi waliotoka zamu ya usiku hukaa humo kwenye benchi, Sabina anawamiminia chai ya maziwa kutoka chupa yake ya kijani, na aliyepata usiku mbaya anasimulia. Wana sheria yao: mtu haitwi kabla hajamaliza kikombe. Hata nikiita mimi! Nikiingia, wananyamaza.

Nimepata wazo.

Jumanne, 10 Juni
Wazo limetimia. Chumba sasa ni Ofisi ya Ustawi wa Wauguzi. Kibao, meza yangu, maua ya plastiki, kufuli. Ufunguo ninao mimi. Muuguzi aliyechoka ataomba miadi. Benchi lao nimelitoa nje, lilikuwa linaharibu sura.

Muuguzi Blandina kauliza chai watanywea wapi. Nikamjibu kwamba ofisi ya ustawi si mgahawa. Jibu zuri sana, nimelirudia mwenyewe njiani kwenda nyumbani.

Alhamisi, 12 Juni
Siku mbaya. Jana jioni aliletwa mama mjamzito kutoka Olbalbal, safari ndefu, amechelewa. Mama amepona. Mtoto hapana. Sabina hakumwacha mama huyo hata kidogo, na muuguzi Nasieku alikuwa akimtafsiria kwa Kimasai.

Asubuhi nikamkuta Sabina ameketi kwenye ngazi, baridi yote ile, chupa iko mapajani, hajaifungua. Nasieku kasimama kando yake analia. Nilitaka kusema neno. Halikuja. Nikakumbuka ofisi! Nikamkaribisha Sabina aje saa nane mchana, nikishamaliza kupanga maua. Akasema asante, kaka Silvanus, akaenda zake.

Chakula cha mchana kimenishinda. Roho inaniuma na sijui kwa nini. Nafasi si nilimpa?

Ijumaa, 13 Juni
Afisa kafika, mama mpole anaitwa Martha. Amekisifu kibao! Kisha akataka kuona wauguzi wakipumzika. Nikafungua kufuli, nikawaingiza Blandina na Nasieku, nikawaamuru wapumzike. Wakakaa wima kama wanaopigwa picha ya kitambulisho.

Mama Martha akawauliza wanajisikiaje humu. Nasieku akasema hajui, maana tangu chumba kiwe cha ustawi ndiyo mara yake ya kwanza kuingia. Kikulacho ki nguoni mwako! Nikajikohoza kwa nguvu, haikusaidia.

Wakati wa kuaga, Sabina alimvuta mama Martha pembeni. Nikasogea. Alikuwa anauliza kama kule kituo cha Sale, mbali na hapa, bado wana upungufu wa wauguzi.

Jumatano, 25 Juni
Sabina ameondoka. Uhamisho ni kwa ombi lake mwenyewe. Wauguzi wote walimsindikiza hadi kwenye gari, hata waliotakiwa kuwa wamelala. Chupa ya kijani amemwachia Nasieku.

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia samahani, dada. Nimeijaribu mbele ya kioo tangu jana. Zamu yangu ya kuaga ilipofika nikampa maua ya plastiki, nikamwambia asiyaweke juani. Gari likaondoka. Majuto ni mjukuu.

Ijumaa, 27 Juni
Bado kaimu. Mama Martha ameahidi kurudi kukagua tena.

Ofisi ina ukimya mbaya. Sikujua kwamba nilikuwa nazipenda zile sauti za asubuhi nyuma ya ukuta. Nimejuta, nimejuta kweli. Nimekaa nikajiuliza kosa lilikuwa wapi, na nimelipata: benchi! Nimelirudisha ndani. Linafaa sana kuwekea miguu.

Leo asubuhi Nasieku amegonga. Ametoka zamu ya usiku, macho yamevimba, kakumbatia ile chupa ya kijani. Ameuliza kama anaweza kukaa kidogo. Nilifurahi mno, mteja wangu wa kwanza! Nikampa miadi ya Alhamisi, nikafunga mlango baridi isiingie.