Babu Anasikia Baridi

Jumatatu, 8 Julai

Tarehe imetoka. Ijumaa ya tarehe 19, saa mbili asubuhi, nitapigwa kisu. Daktari Harivelo, binti mdogo mwenye miwani mikubwa, kaniambia kwa utulivu kabisa kwamba ngiri yangu haingoji tena; ikijinyonga huko ndani itakuwa hatari. Nikamuuliza kama ni kwa nusu kaputi. Akasema ndiyo. Nikatabasamu kiume. Nje nikakaa kwenye ngazi nikahesabu siku zilizobaki.

Antsirabe, mji wetu huu wa milimani Madagaska, wote ukungu mtupu. Mvuke wa chemchemi za moto unapanda, ukungu unashuka, vinakutana katikati ya barabara. Nimetembea humo kama niliyekwisha kufa. Si vibaya sana. Ila nisingependa kuhamia.

Noro, mke wangu, anafurahi. Anasema hatimaye nitaacha kushika kinena kila nikipiga chafya.

Jumanne, 9 Julai

Shemeji Solonirina, kaka yake Noro, kaja dukani. Si kununua kofia. Kuonyesha kovu! Alitolewa kidole tumbo mwaka juzi na tangu siku hiyo hajafunga shati mpaka chini. Kasema kisu si kitu: unahesabu moja, mbili, ukifungua macho unaletewa uji. Wateja wawili wakaliinamia kovu na kulisifu. Hakuna aliyenunua kofia.

Hakuna aliyemtaja Mamy. Mdogo wangu. Naye alihesabu moja, mbili, miaka sita iliyopita, na uji wake ukapoa. Naogopa. Naogopa sana. Naandika hapa kwa sababu daftari halina mdomo.

Jumatano, 10 Julai

Akili imefunguka!

Baada ya chakula cha mchana nililala juu ya lundo la kofia, jua la kipupwe likinigusa miguu. Nusu usingizi, nusu macho. Wazo likaja lenyewe, polepole, likakaa kando yangu. Mzee wa kaburini akimjia mtu ndotoni na kumwambia anasikia baridi, nani kwetu atabisha? Lazima atolewe, avishwe sanda mpya, achezewe ngoma. Na hilo si jambo la wiki moja. Mnajimu atafute siku. Hariri ifumwe. Wapiga tarumbeta, ng'ombe, ndugu wa mbali. Mwaka mzima! Na nani atapasuliwa huku babu yake anatetemeka?

Basi babu kanijia. Jioni nimemwambia Noro kwamba Babu Rainisoa alisimama mlangoni mwa duka, midomo imembabuka kwa baridi. Nikaongeza kwamba alipiga chafya. Pengine nilizidisha. Noro alibaki na kijiko hewani.

Alhamisi, 11 Julai

Noro kamwambia Shangazi Bakoly, mkubwa wa ukoo wetu, ambaye bila neno lake kaburi halifunguliwi. Shangazi kaja asubuhi hiyo hiyo, kwa riksho, na miaka yake themanini na mitatu. Akanishika mikono akalia kwa furaha. Kwa muda mrefu alikuwa akingoja mmoja wetu ajiwe. Alishaanza kudhani wazee wametususa. Nami nikalia. Machozi ya ushindi.

Kisha akafuta macho akatoa habari. Ndugu zetu wa Betafo, tunaochangia nao kaburi, wanalifungua Jumatano ijayo. Tarehe 17. Mnajimu keshapanga siku, sanda zimekwisha fumwa, tena ziko za ziada. Alisema babu ana akili, kajua wakati wa kuja.

Siku mbili kabla ya kisu!

Si hilo tu. Katika ukoo wetu aliyeota ndiye anayebeba, tena upande wa kichwa. Nikamkumbusha kuhusu ngiri. Akasema babu ni mwepesi siku hizi.

Jumamosi, 13 Julai

Nimekwenda kwa Shangazi kumweleza kwamba babu karudi, kasema keshapata joto, tusijisumbue. Kanijibu kwamba wazee hawageuzi neno kama wauza kofia.

Solonirina alikuwepo, shati wazi. Akadai eti naye kaota: babu kamsalimia kwa jina na kumwomba ambebe. Babu yangu! Yeye ni ndugu wa mke tu, babu hata hakuwahi kumwona! Nikasimama mbele ya watu wote nikasema kwamba mabega yatakayombeba Rainisoa ni yangu, na mwenye kovu akae na kovu lake.

Nimefika nyumbani ndipo nikaelewa kwamba mlango wa kuukwepa mzigo ulikuwa wazi na mimi ndiye niliyeufunga.

Jumapili, 14 Julai

Sikwenda kanisani. Kikohozi. Usiku usingizi haunipati, mchana unanifumania popote: kwenye kiti, mezani, katikati ya sentensi ya Noro. Naona vitu vinaelea. Kofia zinashuka kutoka kwenye dari taratibu kama majani. Nazitazama tu. Moyo ndio haupumziki, unagonga kama mtu aliyefungiwa ndani.

Jumatano, 17 Julai

Kaburi lilifunguliwa saa nne. Filimbi, tarumbeta, ngoma. Wali na nyama yenye mafuta mengi. Nilimbeba babu upande wa kichwa. Solonirina kajipenyeza miguuni.

Na ni kweli, babu ni mwepesi. Nikacheza. Nilicheza vizuri, wote waliona. Vumbi jekundu, jua jeupe, watu wanacheka huku wanalia, na mimi nimesahau kabisa kwamba nina mwili. Mzunguko wa kwanza. Wa pili. Katika wa tatu mwili ukanikumbusha.

Nikateremka kwenye mkeka, mkono kinenani. Pembeni yangu walikuwa wamemlaza Mamy. Sikujua kwamba naye watamtoa. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Shangazi Bakoly akanipa ncha ya sanda ya ziada tumfunge pamoja. Vidole hivi vimeshona kofia miaka thelathini. Vikashindwa fundo moja.

Nikamwambia Shangazi, kwa sauti ya chini, kwamba babu hakunijia. Kwamba nilitunga. Kwamba naogopa kufa kama Mamy.

Hakuacha kufunga. "Najua, mwanangu," alisema. "Babu yako hakuwahi kupiga chafya maisha yake yote. Lakini huyu sanda yake ilikuwa imechakaa kweli. Kaza hapo."

Nikakaza. Nililia mpaka kamasi, hadharani, na hakuna aliyenishangaa.

Ijumaa, 19 Julai

Hospitali. Ngiri ilikuwa imetoka nje. Imerudishwa kwa mkono. Sitaeleza zaidi.

Daktari Harivelo akanisikiliza kifua. Akapima presha mara mbili. Akauliza nalala saa ngapi kwa siku. Nilikusudia kusema nane. Nikasema mbili. Kisha nikasema Mamy, na yote yakamwagika: hofu, babu, chafya. Noro alikuwa pale, kashika kofia yangu. Alisema alidhani ni ukaidi tu, angejua asingenicheka. Akanipapasa mgongo.

Daktari akavua miwani. "Leo sikupasui, baba. Kifua kimejaa, presha iko juu, na hofu imekunyima usingizi. Hiyo hofu nayo ni ugonjwa. Tuitibu kwanza."

Tumeahirisha hadi Ijumaa, tarehe 30 Agosti. Dawa ya kifua, dawa ya presha, na kila Jumanne nikazungumze na muuguzi anayeshughulikia mambo ya moyoni. Nisibebe chochote. Ngiri ikitoka ikakataa kurudi, nije saa hiyo hiyo.

Nikamuuliza: kumbe mtu anaweza kuahirisha kwa kusema tu? Akasema ndiyo, wagonjwa husema, wakakaa na daktari wakaona lipi ni salama. Kusema tu! Na mimi nimemfukua babu.

Jumatatu, 22 Julai

Mjini nimeeleza kwamba daktari alinisihi niahirishe. Solonirina kafunga shati. Yeye hajawahi kuahirishwa.

Mchana, juu ya kofia, nikasinzia. Mamy akaja. Safari hii kweli, sijatunga neno. Alikaa ukingoni mwa meza, sanda mpya, fundo langu limepinda, akawa anakula wali wangu bila haraka. Ukungu ulikuwa umeingia mpaka ndani ya duka na ulikuwa wa joto. Hakuwa na huzuni. Alinitazama vile alivyokuwa akinitazama utotoni nilipogoma kuvuka mto. "Kaka," akasema, "tarehe thelathini nenda. Mimi nitakaa mlangoni."

Nimeamka uso umelowa, kifua chepesi. Sijalala vile tangu afariki.

Noro alikuwa kasimama na birika la maji yaliyochemshwa na ukoko wa wali. Kaniona nimelia. Akaweka birika chini, akauliza kwa upole ni nani kanijia.

Nikafikiri haraka. Noro akijua, Shangazi atajua. Shangazi akijua Mamy kaniagiza niende, tarehe thelathini sina tena pa kukimbilia.

Nikamwambia hakuna mtu. Nililala tu.