Sweta la Klara na Mkia wa Jeti

Jumanne, 8 Julai

Baridi ya Magamba leo haina adabu. Klara wangu ameamka midomo ya zambarau. Sweta ni lazima. Sufu ninayo, nimefumua sweta la zamani la baba yake. Sindano sina! Zile spoki za baiskeli nilizokuwa nafumia nilimwazima jirani yangu Jenoveva. Anasema alishanirudishia. Hajanirudishia.

Nimekwenda kazini nikiwaza. Nafanya usafi kwa Babu Severin, fundi ndege mstaafu. Yuko Tanga kwa daktari wa macho, anarudi Jumamosi. Sebuleni kuna jeti yake, ndege ya mfano ya kurusha kwa rimoti, ndefu kama benchi la kanisani. Anaipenda kuliko watu. Leo naifuta vumbi, nikaona chini ya mkia vifimbo viwili vya chuma. Vyembamba, vimenyooka, laini. Mungu ni mwema! Sindano kabisa. Nimevichomoa. Kuazima si kuiba. Ijumaa nitavirudisha.

Jumatano, 9 Julai

Mgongo wa sweta umekwisha! Vifimbo vinateleza kama vimepakwa samli. Jenoveva amepita, akasimama, akauliza nimepata wapi sindano nzuri hivyo. Nikasema Kristian, mume wangu, amezituma kutoka Bulwa. Akasema kumbe siku hizi kiwanda cha chai kinatoa na sindano. Yule ana macho. Kazi ya kwa Babu aliitaka yeye. Mpaka leo akipita pale huchungulia dirishani kuona kama nimefagia pembeni.

Alhamisi, 10 Julai

Balaa! Klara amechukua kifimbo kimoja, akachomea kiazi kitamu motoni. Kiazi kimeiva. Kifimbo kimepinda kama mkia wa nguruwe. Nilitaka kumpiga. Akaja na kiazi mikononi, anakipuliza, akasema, "Mama, kula wewe kwanza." Utampigaje mtu wa namna hiyo? Nimekula.

Nikaenda kwa Mika, fundi baiskeli. Akasema hiyo si kitu, spoki tu, akanikatia mpya. Nikakimbilia kwa Babu kuipachika. Ndefu kidogo. Nikaisukuma. Ikaingia, lakini kitu kikalia, ka! Kidude cheupe kinachoshika fimbo mkiani kimevunjika.

Nikarudi kwa Mika nacho. Akasema Babu hukiita pembe. Fimbo inasukuma pembe, pembe inainua kibawa cha mkia, ndege inapanda. Nitafute pembe nyingine, vinginevyo ndege haitapanda wala mimi sitaingia tena nyumba ile.

Pembe? Kumbe rahisi hivyo!

Ijumaa, 11 Julai

Mchinja mbuzi amenipa pembe bure. Hakuuliza ya nini. Nimeichonga kwa kisu, nikaitoboa kwa msumari wa moto, nikaibandika kwa gundi. Imekaa kifahari, inatazama juu. Mwenzake wa plastiki anatazama chini, lakini huyo ni wa kiwandani, hajui mambo. Inanuka kidogo. Nimeipaka mafuta ya Klara. Mbwa wa Babu, Kapteni, hataki kutoka sebuleni. Amekaa chini ya ndege kama mtu anayesubiri sakramenti.

Kile kifimbo kizima nacho nimekirudisha mahali pake, kwa hiyo sweta limebaki mkono mmoja.

Jumamosi, 12 Julai



Babu amerudi. Nikasema shikamoo, akaitika marahaba, moja kwa moja akaibeba jeti mpaka uani. Kesho alipanga kuwarushia watoto wa Sunday school uwanjani. Jenoveva naye akatokea na ndizi za kumpa pole ya macho. Pole gani na kikapu kizima!

Babu akavuta kijiti cha rimoti. Kibawa cha kushoto kikapanda. Cha kulia kikashuka. Akarudia. Vile vile, kama masikio ya punda anayesikiliza majirani wawili. Akainama, akanusa. Kabla hajasema kitu, Kapteni aliruka, akang'oa kibawa na pembe yake, akatokomea kwenye kabichi.

Jenoveva alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema polepole, "Babu, hebu uliza habari za sweta."

Babu akaagiza sweta. Nikamleta Klara akiwa amelivaa, mkono mmoja umefunikwa, mwingine nje. Akamtazama sana mtoto. Halafu akanitazama mimi.

"Mama Klara, kesho ningeiangusha juu ya vichwa vya watoto. Na huyu wako angekuwa mbele."

Hilo sikuliwaza. Niliwaza baridi tu. Akasema niende nyumbani. Hakusema nirudi.

Jenoveva ametoka pale akiuliza ufagio huwekwa wapi.

Jumapili, 13 Julai

Ibadani sikusikia mahubiri. Tulipotoka Babu akaniita kando, mbele ya Jenoveva aliyejifanya anafunga kiatu. Kiatu chenyewe ndala! Akanipa sindano mbili za kufumia, za mbao, za marehemu mke wake. Akasema fimbo za ndege ni za ndege, na mtoto asikae mkono wazi. Kesho nije kazini kama kawaida. Mkia atautengeneza mwenyewe.

Nimelia kama mjinga. Nikaapa palepale: Babu, mkia wa jeti yako sitaugusa tena mpaka naingia kaburini. Jenoveva akasema kitu kwa Kishambaa ambacho siandiki.

Jumatatu, 14 Julai

Sindano za marehemu ni nene. Nadhani alikuwa anafuma mablanketi. Nimeanza mkono wa pili, umetoka kama wavu, upepo unaingia na kutoka bila hodi. Klara amepitisha vidole kwenye matundu, anafurahi. Mimi sifurahi. Mtoto anakohoa.

Alhamisi Babu anarudi Tanga kuchukua miwani. Leo nilikuwa naifuta vumbi ile jeti, taratibu, kwa heshima zote. Mkia sikuugusa. Kiapo ni kiapo. Lakini nimeona chini ya mabawa kuna vifimbo vingine viwili. Vyembamba kuliko hata vile vya mwanzo!

Mabawa sikuyataja.