Barakoa ya Rangi ya Nyongo

Siku ilipotangazwa kwamba hakuna ruhusa ya kutembea mjini bila kuziba pua na mdomo, kila mtu alinung'unika kwa namna yake. Wenye miwani walisema wanaona ukungu. Wenye masikio madogo walisema kamba hazikai. Wenye midomo mikubwa walisema hawasikiki. Mtu mmoja tu alifurahi mpaka ikabidi akae chini, na huyo aliitwa Jino.

Jina lilitokana na jino la dhahabu lililokaa mbele kabisa, upande wa kulia. Aliliweka enzi zile mambo yake yalipokuwa mazuri, na tangu siku hiyo likamharibia mambo. Kila aliyetapeliwa alikwenda kituoni kueleza, na alipoulizwa huyo tapeli yukoje, alisahau urefu, akasahau shati, akakumbuka jino. Ikafika mahali Jino akicheka dukani, duka linafungwa. Na kwa mtu ambaye kazi yake ni kucheka na watu, hiyo ni sawa na kumkataza seremala asishike mbao.

Sasa serikali yenyewe, bila kuombwa wala kupewa chochote, ilikuwa imemfunika lile jino. Jino alitoka asubuhi na barakoa yake ya bluu akapita makusudi mbele ya muuza saa, ambaye Jino aliwahi kumuuzia kiwanja kizuri, tambarare, katikati ya makaburi. Muuza saa alimtazama, akamwona mtu mzima anayejali afya za wenzake, akamwamkia shikamoo. Jino aliitikia marahaba huku machozi yakimlengalenga. Hakuna aliyeipenda barakoa mji mzima kama yeye. Alilala nayo.

Wakati huo alikuwa amejihifadhi kwa mdogo wake wa kike, fundi cherehani. Chumba cha nyuma alilala fundi, cha mbele walikaa wateja na cherehani, na Jino alilala chini ya meza ya kukatia nguo, akitakiwa kuamka mapema ili watu wafanye kazi. Rafuni yalisimama majora ya kitambaa cha sare za shule ya jirani. Rangi aliichagua mwalimu mkuu peke yake bila kushauriana na mwenye macho yeyote: si kijani, si njano, ni ile rangi ya nyongo mbuzi anapopasuliwa. Fundi alitia mtaji wake wote pale. Kabla mkasi haujagusa kitambaa, shule zikafungwa kwa sababu ya ugonjwa, na majora yakabaki kukiangaza chumba kama mgonjwa wa ini.

Alikuwa ameyanunua kwa Mzee Bei, muuza jumla. Mzee Bei aliitwa hivyo kwa sababu hakuwahi kuamka na bei aliyolala nayo. Watu walipotaka sabuni, sabuni ikapanda. Walipotaka ndoo zenye bomba za kunawia, ndoo zikapanda. Dawa ya kusugulia mikono aliichanganya na maji mpaka samaki wangeweza kuishi humo. Fundi alipokwenda kumlilia ayachukue majora yake, hata kwa hasara, mzee hakuinua kichwa. Alinyoosha kalamu tu kuelekea kwenye kibao juu ya kaunta: MALI IKISHAUZWA HAIRUDI.

"Kaka," fundi alisema siku hiyo aliporudi, "haya majora yakikaa hapa mpaka mwisho wa mwezi, mimi na wewe tunalala nje. Mimi nitalala na cherehani yangu. Wewe sijui utalala na nani."

Jino alimwambia aondoe shaka. Mtaji wake utarudi, tena kwa mkono wa yuleyule aliyeuchukua. Na wakati anasema hivyo alikuwa anakusudia kweli. Jino aliyaamini maneno yake yote kwa muda wote aliokuwa akiyasema.

Aliazima koti jeupe kwa mchinjaji, akalifua mpaka damu ikawa kama kutu ya kawaida ya vifaa vya serikali. Kipima joto alikipata kwa mtoto wa jirani: bastola ya kuchezea maji, akaizungushia plasta nyeupe. Akaingia dukani kwa Mzee Bei kama mtu aliyechoshwa na kuokoa maisha.

Ijulikane kwamba huyu mzee na Jino hawakuwa wageni. Miaka michache nyuma Jino alimuuzia kontena zima la viatu, vyote vya mguu wa kushoto. Lakini aliyemuuzia viatu alikuwa na jino. Huyu alikuwa na barakoa.

Alimwelekezea bastola kwenye paji la uso. Tone moja likamdondokea mzee puani.

"Ni dawa hiyo," Jino alisema. "Uko salama. Wengi hawako hivyo." Akawageukia wateja waliopanga foleni, akasikitika. "Tazama watu na barakoa zao za marangirangi. Waache wafurahi, wamebakiza siku chache."

"Siku chache kuna nini?"

"Siruhusiwi, mzee wangu."

Mzee Bei akamsogezea kiti. Jino akakikataa. Akamsogezea soda baridi. Jino akaikataa, kwa uchungu mkubwa, maana kiu alikuwa nayo, ila soda ingetaka ashushe barakoa. Alipochomoa kitambaa ajifute jasho, kikadondoka kipande kidogo cha nguo ya rangi ya nyongo. Alikiokota upesi, lakini si upesi sana.

"Hujaona kitu," alisema.

"Sijaona," alijibu Mzee Bei, na macho yamemtoka.

Raha ya kumtapeli mwenye tamaa ni hiyo: unampa kamba, kujifunga anajifunga mwenyewe. Jino hakufungua tena mdomo. Mzee Bei ndiye aliyemweleza yeye, kwa sauti ya chini, kwamba bila shaka litatoka agizo la rangi moja, walinzi wapate kutambua barakoa halali, na kwamba bila shaka rangi ni hiyohiyo. Jino alimtazama kwa huzuni, kama afisa ambaye siri imemponyoka.

Jioni hiyohiyo Mzee Bei alifika kwa fundi na uso wa huruma. Alisema hakulala kwa kumfikiria. Atayachukua majora, kwa nusu bei, kwa moyo wa mzazi tu. Fundi alimtazama, maana si kila siku kibao kinatembea kwa miguu kuja kujikanusha. Kisha akatazama dirishani, kwenye kamba ya nguo, ambako lilining'inia koti la mchinjaji likikauka. Limefuliwa na kaka yake, mtu ambaye hajawahi kufua hata leso. Alimwambia mzee kwamba atafikiria. Na akafikiria kweli.

Jino naye alikuwa anafikiria. Majora yakinunuliwa, fedha ni za mdogo wake. Lakini yakikamatwa na afisa, halafu afisa akayaachia, shukrani ni za afisa. Alimhurumia sana mdogo wake. Alimhurumia njia nzima mpaka dukani kwa Mzee Bei.

"Yule fundi nimemkamata," alimwambia mzee. "Anakaa na wateja karibukaribu, hawaachi hata hatua. Mali yake iko mikononi mwa afya. Ningepata mtu mwelewa, isingeozea stoo."

"Mimi ni mwelewa sana," alisema Mzee Bei, akaenda nyuma ya pazia kutafuta bahasha.

Kesho yake fundi alisema ana kazi kwa rafiki yake ng'ambo ya pili ya mji, atarudi jioni. Jino alimtakia safari njema mpaka akamshikia mlango. Mkokoteni ukafika. Majora yalisimama rafuni ndani ya nailoni zake, yamefungwa kamba vizuri. Mzee Bei alinyoosha mkono apapase, Jino akampiga kofi mkononi.

"Mzee, ugonjwa unakaa kwenye nguo. Nimeyapulizia dawa. Yakifunguliwa kabla ya Ijumaa, mimi sitakuwepo kwenye lawama."

Hapo alisema kweli. Ijumaa hakukusudia kuwepo kwenye chochote, tiketi ya basi la asubuhi alikuwa nayo mfukoni. Bahasha ilipita mkono kwa mkono bila hata kupuliziwa. Mchukuzi, ambaye kwa kawaida huugua hata akibeba pamba, alitupia majora matatu kila bega akatoka akipiga mluzi. Jino alisikia mluzi ule, akajisemea kwamba mtu yule ana afya.

Basi Mzee Bei akawa na mali, lakini soko limelala mpaka agizo litoke, na yeye hakuwa mtu wa kusubiri serikali. Alimpigia simu mkwe wake, msimamizi wa kituo cha mabasi, akamwambia kuna maagizo kutoka juu: kuanzia kesho asipite mtu getini bila barakoa ya rangi ile. Mkwe aliuliza barua iko wapi. Mzee akamjibu kwamba barua iko njiani, na akamkumbusha nyumba anayoishi ni ya nani. Mkwe hakuuliza tena; jioni hiyo akawatangazia walinzi na wachuuzi wa getini.

Asubuhi Jino alifika kituoni na begi begani na bahasha kifuani. Alinawa mikono, akapimwa joto kwa kipimo cha kweli, akanyoosha mguu aingie.

"Rangi," alisema mlinzi.

"Rangi gani?"

"Ya agizo." Mlinzi alimwonyesha abiria waliokwisha kuingia. Wote nyongo, mkubwa kwa mdogo.

Jino alicheka mpaka barakoa ikatikisika. "Ndugu yangu, hakuna agizo kama hilo. Huo ni uongo."

"Umejuaje?"

Kinywa cha Jino kilifunguka nyuma ya kitambaa cha bluu, kikabaki hivyohivyo. Tangu azaliwe hakuwahi kukosa jibu. Na safari hii jibu alikuwa nalo, tena la kweli, ndiyo maana halikusemeka.

"Nimesikia tu," alisema.

"Na mimi nimesikia tu. Rangi."

Hapo ndipo kelele zilipotokea upande wa barabara. Mzee Bei hakuweza kuvumilia mpaka Ijumaa. Alfajiri alikuwa amepasua jora moja, akakuta kitambaa kimezungushwa duara moja, na ndani yake magunia na maboksi. Akapasua yote. Sasa alikuwa anakuja na mchukuzi wake, akimtazama usoni kila mwanamume mwenye barakoa ya bluu.

Pembeni ya geti palikuwa na meza, na nyuma ya meza mwanamke aliyejifunika vizuri, na mbele yake barakoa za rangi ya nyongo. Jino alimrukia.

"Dada, nipe moja haraka. Bei gani?"

"Kwa watu wote ni bei ya mkate. Kwako ni bahasha."

Jino alitazama macho yaliyokuwa juu ya barakoa. Yalikuwa macho ya mama yao.

"Mdogo wangu."

"Kaka."

"Ulitia magunia kwenye majora?"

"Rafu tupu inafukuza wateja," fundi alisema bila kupepesa. "Kitambaa nilikuwa nakishona kwa rafiki yangu, mchuuzi wa hapa getini. Sikujua kama kuna mtu wa kuyataka magunia yangu."

"Nusu kwa nusu, basi. Damu moja."

"Mzee Bei yuko pale barabarani, kwenye gari la tatu. Sasa anageuka huku."

Bahasha ikatoka kifuani.

"Na koti," fundi alisema. "Mchinjaji amelifuata mara mbili."

Koti likatoka begini. Fundi akampa barakoa. Jino akaipima kwa kiganja, ikaishia kwenye vidole.

"Hii ya mtoto."

"Zilizobaki ni hizo. Kitambaa kilikuwa cha shule."

"Nirudishie hata kidogo basi, ya kula njiani."

Fundi hakuinua kichwa. Alinyoosha mkasi kuelekea kwenye kipande cha boksi kilichoegemezwa mezani, kimeandikwa kwa kalamu nene: MALI IKISHAUZWA HAIRUDI.

Jino aligeukia ukuta, akabadilisha. Barakoa ilimshika kuanzia nusu ya pua mpaka chini kidogo ya mdomo. Alipojaribu kusema asante ilipanda yenyewe mpaka machoni, na dhahabu ikaona jua. Alipofumba mdomo ikarudi mahali pake. Mlinzi aliona rangi, akamfungulia. Mzee Bei alipishana naye hapo getini, akaona rangi, akaendelea kutafuta bluu.

Ndani ya basi abiria walitakiwa kuacha kiti kimoja wazi katikati yao, na kondakta aliiheshimu sana sheria hiyo mpaka viti vilipoanza kujaa. Jino alikuwa dirishani, amefumba macho, akimshukuru Mungu kwa kumnusuru. Kiti cha pembeni kikalia kwa uzito. Alifumbua jicho moja.

Alikuwa Mzee Bei, na barakoa mpya ya nyongo.

"Hebu fikiria, mwanangu," mzee alisema akihema. "Kunizuia mimi getini kwa agizo langu mwenyewe. Nimeinunua kwa yule fundi pale nje, na kaniuzia bei ya viatu. Nilitaka kumuuliza kitambaa amekipata wapi, nikakumbuka mimi nilivyokipata, nikanyamaza. Lakini ni mtu mwema. Kaniambia tapeli wangu amemwona kwa macho yake akipanda basi hilihili."

Jino alitikisa kichwa kwa masikitiko.

"Sura yake siijui, alijifunika. Lakini sauti! Akisema neno moja tu, nimemkamata."

Basi lilitoka kituoni, likaingia barabara kuu. Nje, mezani, fundi alikuwa anampimia mtu barakoa. Mzee Bei alivua viatu, akajiegemeza vizuri, akamgeukia jirani yake kwa uso wa mtu aliyepata mwenzake wa njia.

"Safari ni ndefu," alisema. "Mimi nimeshasema yangu. Haya, na wewe niambie, mwanangu. Unafanya kazi gani?"