Jinsi Nilivyozinyamazisha Breki

Jumatatu, 5 Agosti

Gari linapiga kelele tena. Nikikanyaga breki hapa Uriri, kuku wa watu wanatawanyika. Fundi Mokaya alilala chini ya gurudumu, akatoka na uso wa daktari mwenye habari mbaya. Eti padi za mbele zimekwisha, chuma kinakula chuma, diski nayo imepata mifereji. Nibadilishe pande zote mbili kabla sijaua mtu. Hawa mafundi! Mpelekee baiskeli, atakuambia injini imekufa. Nilimwambia breki inayolia ni breki inayofanya kazi. Iliyokufa ingelia vipi? Alinawa mikono tu.

Jumanne, 6 Agosti

Vita nyumbani. Jumamosi inatolewa mahari ya Lorine, mdogo wa mke wangu, huko Kisegi kwa mama mkwe. Scovia amesema gari linalolia hivyo hapandi ng'o. Ataenda na Oliver.

Oliver! Jirani yetu ana gari jeupe la viti saba, na kila asubuhi analifuta kwa fulana iliyo safi kuliko yangu ya kanisani. Amekodiwa kuwabeba watu wa bwana harusi. Amemwambia Scovia nafasi ipo, tena ya mbele. Yawa! Mimi ni mkwe gani, mke wangu ashuke kwa mamake kutoka gari la mwanamume mwingine, nami nifuate nyuma nikila vumbi? Afadhali nibaki nyumbani nijifanye mgonjwa.

Alhamisi, 8 Agosti

Mungu hamtupi mja wake. Leo kinu changu cha kusaga mahindi kilianza kulia. Nikakipaka grisi, kikanyamaza. Nikasimama pale na kopo mkononi, akili ikafunguka. Chuma ni chuma! Nikafungua magurudumu ya mbele mwenyewe, nikapaka padi na diski bila uchoyo. Nikaendesha hadi shuleni na kurudi. Kimya kabisa. Kweli linachelewa kidogo kusimama, lakini linasimama kwa heshima, si kwa papara kama zamani.

Scovia alikuja kusikiliza mwenyewe. Alifurahi, jamani! Akasema kumbe nimebadilisha padi. Sikusema ndiyo. Sikusema la. Akampigia mamake simu mbele yangu, akamwambia siku hizi mume wake ana akili. Kwenye chakula nikapewa paja la kuku. Roho ilinisuta kidogo. Nikalimaliza paja.

Jumamosi, 10 Agosti

Kwenye mteremko baada ya Magunga nilikanyaga breki kwa mguu mmoja, kisha kwa miwili. Gari likaendelea na mambo yake. Nikashika gia ya kwanza, nikaomba. Scovia alikuwa akiimba nyimbo za kanisa na kunipigapiga begani, akisifu jinsi gari lilivyotulia. Nilifungua mdomo nimwambie. Haki ya Mungu nilifungua. Lakini alikuwa na furaha, na vumbi la Oliver lilikuwa pale mbele yetu. Nikafunga mdomo.

Boma la mama mkwe linateremka kutoka langoni. Niliingia polepole, kama inavyompasa mkwe. Nikakanyaga. Hakuna kitu. Breki ya mkono ilikufa mwaka juzi. Nikapiga honi, wazee wakaruka na viti vyao. Tukampita Oliver akifuta kioo. Tukaingia jikoni kwa mama mkwe, kupitia ukutani. Bahati nzuri wanawake walikuwa hemani kwa maombi. Hakuna aliyeumia ila sufuria ya wali.

Jikoni kwa mama mkwe! Mkwe hata kuchungulia mle haruhusiwi. Wazee wakakaa kando kunijadili. Mzee Elkana, baba mdogo wa Scovia, aliuliza kama nimeingia mimi au limeingia gari. Nikajitetea kwamba viti vya nyuma vilibaki nje. Hawakucheka. Nitaleta mbuzi, na ukuta nitaurudisha kwa mikono yangu. Oliver alinivuta nje kwa kamba, taratibu, watu wakipiga picha.

Scovia aliinama, akagusa gurudumu, akanusa kidole. Anaijua grisi ya kinu chetu. Akaondoka. Mama mkwe alisimama mbali, kama ilivyo heshima, akanena kwa sauti ya chini.

"Ukuta nitaukandika upya, mkwe wangu. Mtoto wangu hakandikwi."

Nilienda nyuma ya choo, nikalia. Scovia angekufa, kisa wivu wangu kwa Oliver.

Jumanne, 13 Agosti

Bado niko Kisegi. Nalala kwa Mzee Elkana. Nakandika ukuta nikiwa nje, kwa sababu ndani siruhusiwi. Nilipomaliza, upande mmoja ulianguka. Scovia analala kwa mamake, akipita ananisalimia kama karani wa chifu. Amemwambia Mzee Elkana kwamba nyumbani harudi mpaka gari lifungwe padi mpya. Nina haki gani ya kubisha? Nimekonda.

Jumatano, 14 Agosti

Mama mkwe ameuza dagaa wake wa omena, akaagiza padi kutoka Homa Bay. Mzee Elkana aliniletea boksi leo, mpya, bado na harufu ya duka. Mama ambaye nimembomolea jiko! Nilishindwa kusema asante vizuri. Nikaapa mbele ya mzee kwamba mimi sasa ni mtu mwingine.

Alhamisi, 15 Agosti

Mzee Elkana alitaka kuita fundi. Nikakataa. Magurudumu nimeshayafungua mara moja, nayajua.

Scovia alikuja akauliza kama nimefunga padi za mamake. Nikamjibu ndiyo, na safari hii si uongo. Akaenda kufunga mizigo. Kesho tunarudi nyumbani! Ameniachia chai, na ina maziwa.

Boksi lilikuwa na padi za pande zote mbili. Lakini vitu vizuri hivi havimalizwi siku moja. Nimefunga za kushoto tu, upande anaokaa Scovia. Zake ni mpya kabisa. Mimi upande wangu nitavumilia.